Uzi: Ninavyoandika riwaya ya Kiswahili hapa Busia, na vitabu vinavyonilea

Wakuu, salaam. Mlioko Kampala, Mbale, Arua, Bombo, na ninyi wa ng'ambo ya mpaka, hamjambo wote.

Tangu niweke hapa sura ya kwanza ya riwaya ninayoiandika, inboksi imejaa maswali ya aina moja. Naandika saa ngapi? Nasoma nini? Mambo ya kuandika nayatoa wapi? Na lile linalorudi kila mara: kwa nini Kiswahili, na Uganda hii tunayoijua? Kumjibu mmoja mmoja ni kuwanyima wengine, kwa hiyo nimefungua uzi. Ni mrefu, mtanivumilia.

Nianze na jambo ambalo kwangu limebeba mengine yote. Mimi naandika kwa sikio. Sentensi ambayo sijaisikia ikitamkwa siihesabu kuwa imeandikwa, hata kama iko kwenye karatasi na nukta yake. Saa ninazoandika, kalamu ninayoshika, vitabu ninavyochagua, hata watu ninaopenda kukaa nao, vyote vinafuata hapo.

Kwa wasionifahamu, nina duka la steshenari hapa Busia, mji wa mpakani na Kenya, upande huu wa Uganda, karibu na barabara ya malori. Tunatoa fotokopi, tunachapa, tunauza kalamu na madaftari. Kazi inayonilisha kama mwandishi ni ile ya kuchapia watu barua. Anakuja mmoja anataka mkataba wa kuuza kiwanja, mwingine barua ya kupeleka kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, mwingine ombi la kazi ya ulinzi. Wengi hawaji na karatasi. Wanakuja na maneno, nami nakaa mbele ya kompyuta nikisubiri.

Ukikizoea kiti hicho unaona kwamba hakuna anayeanza na jambo lenyewe. Mwanamume anayeuza kiwanja anaanza na mvua ya mwaka alipokinunua, anapitia kwa shemeji, anausifu mwembe uliopo pale, halafu anakohoa. Baada ya kikohozi ndipo bei inatajwa. Anayedai deni anaanza kwa kumsifu mdeni wake. Mjane anataja kwanza vitu alivyobaki navyo, kimoja kimoja, na marehemu anakuja mwisho kabisa, tena kwa haraka. Pale ndipo nilipojifunzia mpangilio wa simulizi. Mambo yao siyagusi. Siri ya mteja ni ya mteja, na mji wetu ni mdogo. Ninachochukua ni mwendo: mahali mtu anapozunguka, anapokata, anaponyamaza, na kile anachokitaja kama vile si kitu.

Alfajiri, kabla sijafungua duka, naandika kwa mkono kwenye kaunta buku, yale madaftari makubwa yenye jalada gumu. Mkono ni mzito, na uzito huo unalipatia sikio nafasi. Kwenye kompyuta vidole vyangu vimezoea kasi ya barua za wateja. Vinakimbilia maneno yaliyokwisha kupangwa, "napenda kukujulisha kwamba", "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu". Riwaya siwezi kuianzia hapo. Saa hiyo simu naiacha chumba kingine na redio naizima. Malori yanayosubiri kuvuka yananguruma nje, hayo hayanisumbui.

Jioni ni zamu ya kusoma kwa sauti. Naishi na shangazi yangu, ambaye hajawahi kusoma riwaya hata moja, na ndiye msikilizaji ninayemwamini kuliko wote. Yeye anachambua maharage, mimi nasoma kilichoandikwa asubuhi. Simwulizi kama ni kizuri. Natazama mikono yake. Ikiendelea kuchambua kwa mwendo ule ule, ukurasa bado haujafika. Ikisimama juu ya ungo, naweka alama pembeni. Na akiuliza, "Halafu yule mtoto alibaki na nani?", basi sura inayofuata nimepewa.

Kuchapa kunakuja baadaye sana, na kuchapa kwangu ni kuandika upya. Sinakili. Daftari liko kushoto, nasoma aya nzima kwa sauti, nalifunga, halafu naichapa kutoka kichwani. Kile ambacho sikio limekisahau nakiacha kiende.

Nitawaonyesha mfano, maana maelezo matupu hayasaidii. Hii ni aya ya sura ya tatu ilivyokuwa kwenye daftari (mukene ni dagaa wa ziwani):

"Mama yule alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu gunia lake la mukene lilikuwa limezuiliwa na askari pale mpakani, naye hakujua angewaeleza nini watoto wake waliokuwa wakimsubiri nyumbani."

Na hivi ndivyo ilivyo leo:

"Askari alidunga gunia kwa kijiti, akanusa.
'Hii ya leo?'
'Ya jana jioni, afande. Imekauka vizuri.'
'Ya nani?'
Mama alitazama mahali gunia lilipofumuka. Mukene walikuwa wakidondoka wawili watatu kwenye lami. Aliinama, akawaokota mmoja mmoja.
'Ya watoto,' alisema."

Aya ya kwanza haina kosa la sarufi. Lakini nilipoisoma, shangazi hakusimamisha mkono. Huzuni ilikuwa imetajwa na mimi, si na yule mama. Katika ile ya pili huzuni haitajwi popote, wala watoto hawaonekani, ila wako pale kwenye jibu lake. Na gunia lililofumuka halikuwamo katika mpango wangu wowote. Lilikuja wakati nasoma kwa sauti, kwa sababu baada ya "Ya nani?" nilihisi kimya, na kimya hicho kilitaka mikono ya mtu ifanye kitu.

Sasa vitabu, maana nusu ya maswali ni hayo.

Nasoma taratibu, na kwa sauti pia. Kitabu ninachokipenda nakirudia kuliko kukimbilia kipya.

Wa kwanza kwangu ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, kisiwani, ndani ya Ziwa Viktoria hili hili linalotupa mukene. Nyumbani kwao wanasema Kikerewe. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na ameisimamisha Namagondo, kijijini kwao. Hakwenda kuazima bahari na majahazi ili aonekane mwandishi wa Kiswahili. Anayeniambia kwamba riwaya ya Kiswahili ni mali ya Pwani, mimi namwonyesha ramani ya ziwa. Halafu mtu huyo huyo mwaka 1990 akatoa Nagona, kijitabu chembamba ambacho wengi wanakiweka chini kwa ugumu wake. Someni ukurasa mmoja tu wa Nagona kwa sauti, chumbani, mlango umefungwa. Hata pale maana inapokukimbia, mapigo yake yanakushika.

Kutoka Zanzibar namchukua Shafi Adam Shafi, na hasa Kuli. Ni riwaya ya makuli wa bandarini, na mgomo wa mwaka 1948 umo ndani yake. Naipenda kwa sababu kazi yenyewe inaonekana: mzigo, bega, msimamizi, ujira. Waandishi wengi tunampa mhusika kazi kisha tunaisahau. Tunasema fulani ni fundi na hatumwoni akishika randa. Mimi ninaandika juu ya wabeba mizigo na wauza samaki wa mpakani, na hapo Kuli ni shule yangu.

Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, nilimsoma kwanza kwa Kiingereza. Sasa ninayo Peponi, yaani riwaya yake ya Paradise ya mwaka 1994 kama alivyoifasiri Ida Hadjivayanis. Mle mna mtoto, Yusuf, anayeondoka kwao na mfanyabiashara tajiri anayemwita ami, akidhani ni safari tu. Inamchukua muda kujua kwamba baba yake amemweka rehani kwa sababu ya deni. Mwandishi angeweza kutuambia tangu mwanzo tukamwonea huruma mapema. Hakufanya hivyo. Ametuacha tuone kile anachokiona mtoto, kwa kimo chake. Sura yangu ya pili nimeijenga kwa somo hilo, msichana wa miaka tisa anahesabu viatu vya wageni mlangoni bila kujua wamekuja kujadili nini.

Siku za uchovu nasoma upelelezi wa Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla. Ni burudani, na tena inanifundisha kuficha jambo wazi mbele ya macho ya msomaji.

Ambacho sisomi: nikiwa ndani ya sura ngumu sigusi riwaya inayofanana nayo. Na vitabu vinavyonieleza kila baada ya ukurasa nihisi nini navirudisha rafuni, haijalishi vimepata tuzo gani.

Karibuni kwa maswali.

Msafiri wa Malaba: Dada, hongera sana. Swali langu fupi. Je, unajua mwisho wa riwaya kabla hujaanza? Mimi nimeandika mpango wa sura zote ishirini na sasa siwezi kuendelea, naona kama nimeshaimaliza.

Mwenye uzi: Ahsante, ndugu yangu. Mwisho najua mahali, sijui tukio. Kwenye hii ninayoandika nilijua tangu siku za mwanzo kwamba itaishia kwenye daraja, asubuhi, wakati malori yanaruhusiwa kupita. Nani atakuwa darajani na amebeba nini, hilo limebadilika mara kadhaa.

Mpango wako wa sura ishirini usiutupe, lakini usiufuate kwa wiki chache. Chukua mhusika ambaye umempa nafasi ndogo kuliko wote, mwandikie ukurasa ambao haumo kwenye mpango: anaamka, anatafuta kitu, hakipati. Msikilize. Akikupa kitu usichokijua, riwaya imerudi.

Mwalimu wa Mbale: Nakupongeza, lakini nina neno. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Baada ya miaka mingi ya kupigania somo hili lichukuliwe kwa uzito, unatuletea askari anayesema "Hii ya leo?" kwa gunia. Gunia ni "hili", "la leo". Mwanafunzi wangu akisoma hivyo ataandika hivyo kwenye mtihani, na mimi nitamkata alama. Kwa nchi kama yetu, ambapo lugha hii bado inajengwa, sioni kama mwandishi ana haki ya kuibomoa kwa ajili ya ladha.

Mwenye uzi: Mwalimu, shikamoo. Neno lako ni zito, na nimelikalia tangu jana kabla ya kujibu.

Naomba uone mipaka niliyojiwekea. Masimulizi yangu, yaani sauti ya kitabu chenyewe, ni Kiswahili sanifu na nakihangaikia. Ukikuta upatanisho umevunjika kwenye masimulizi, nikosoe hadharani. Ila askari wa Busia ni mtu. Amezaliwa Soroti, kwao wanasema Kiteso, Kiswahili amekiokota kambini na barabarani. Nikimpa ulimi wa imamu wa Lamu nimemsingizia. Msomaji wa hapa, ambaye jana tu alisimamishwa na askari wa namna hiyo, atafunga kitabu.

Na siandiki ovyo. Kila mhusika nimemwandikia kurasa mbili nyuma ya daftari: anapatanisha wapi, hapatanishi wapi, akikasirika anarudi kwenye lugha gani. Mama wa mukene ni Msamia aliyefanya biashara Kisumu, Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha askari, na yeye anajishusha makusudi anapojibu ili asionekane anamfundisha mwenye bunduki. Umeona? Tofauti ya sarufi baina yao ni sehemu ya hadithi. Nikiisawazisha, hofu yake inapotea.

Mwalimu wa Mbale: Hilo la mama kujishusha sikuliona, nalikubali. Lakini mtahini haulizi nia ya mhusika. Bado nakushauri uweke mbele ya kitabu maelezo mafupi kwa ajili ya shule.

Mwenye uzi: Nimelipokea. Nitaandika ukurasa mmoja wa mwanzo, nikuombe uupitie kabla haujaenda popote.

Binti wa Masaka: Nashukuru kwa uzi huu, ila niseme ukweli wa nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa kijana Kampala miaka ya sabini. Mpaka leo akisikia Kiswahili usiku anakaa kitandani. Kwake ni lugha ya watu waliobisha hodi kwa kitako cha bunduki. Mimi nimejifunza kazini na naipenda, lakini nikiisoma nyumbani naisoma kimya. Unamwandikiaje mtu kama baba yangu?

Mwenye uzi: Dada yangu, mpe mzee heshima zangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike riwaya hii.

Simlaumu hata kidogo. Idi Amin alipotoa amri mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, watu walikuwa tayari wanakisikia kutoka kwenye midomo ya askari. Amri haiondoi hofu. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha tena hatua za kukikuza na kukifundisha. Karatasi zote hizo hazijafika kwenye kitanda cha baba yako usiku.

Lakini liko jambo jingine ambalo watu wetu wengi hawalijui, na naliandika kwa fahari. Ile kamati ya lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilihamia Makerere mwaka 1952 na ikakaa hapo miaka ya hamsini. Jarida lake lilihaririwa Kampala. Kwa hiyo kabla ya vizuizi vya askari barabarani, lugha hii ilikuwa na meza na vitabu kwenye kilima cha Makerere, ikichunguzwa na wasomi. Bunduki hazikuileta; ziliikuta.

Katika riwaya yangu iko sura nzima ya kizuizi. Askari anauliza kwa Kiswahili. Mama aliye ndani ya basi anajibu kwa Kiswahili. Na dereva, aliyemficha mwanafunzi nyuma ya magunia ya mahindi, anadanganya kwa Kiswahili hicho hicho, kwa upole, akicheka na askari, mpaka basi linaruhusiwa. Sura hiyo nimeisoma mbele ya wazee wawili wa rika la baba yako. Mmoja aliondoka katikati. Mwingine alibaki, na baada ya kimya kirefu akanieleza magunia yalipangwaje kwenye mabasi ya siku hizo. Nimeirekebisha kwa maelezo yake.

Simwandikii baba yako ili asahau. Namwandikia ili yule dereva naye awe na nafasi kwenye kumbukumbu.

Mzee wa Bombo: Niongeze tu kwamba sisi huku tumekulia kwenye Kinubi na Kiswahili, jikoni, msikitini, harusini. Bibi zetu walitubembelezea. Tukiambiwa ni lugha ya bunduki tunaumia. Mwanangu, usitusahau kwenye kitabu chako.

Mwenye uzi: Shikamoo mzee wangu. Hamjasahauliwa. Bibi anayempokea yule mwanafunzi sura ya kumi na moja ni wa kwenu. Nitakutumia kurasa zake kwa faragha, unirekebishe mambo ya jikoni hasa.

Kijana wa Gulu: Habari dada. Mimi ni mhasibu msaidizi, natoka kazini saa kumi na mbili, nimechoka. Waandishi wakubwa walikuwa na muda, sisi hatuna. Pili, nikimaliza nipeleke wapi? Huku wachapishaji wanataka vitabu vya kiada.

Mwenye uzi: Mdogo wangu, hilo la muda si kweli. Naguib Mahfouz wa Misri, mwenye Nobeli ya mwaka 1988, alikuwa mtumishi wa serikali mpaka alipostaafu. Toni Morrison alikuwa mhariri, tena akilea wana wawili peke yake, na aliandika kabla hapajapambazuka. Shaaban Robert wetu alianza kazi kama karani wa forodha. Fikiria hilo ukipita mpakani hapa: katika foleni ya makarani wa forodha aliwahi kuwamo mmoja aliyeandika Kusadikika. Mshahara haukuzuii kuandika. Kinachozuia ni kusubiri siku iliyo tupu.

Kama jioni umechoka, jioni usiandike. Soma kwa sauti ukurasa mmoja wa mtu anayejua, ulale. Asubuhi utaamka na mapigo yake kichwani, andika nusu ukurasa kabla ya chai. Nusu ukurasa ni nyingi.

Kuhusu kupeleka: ipo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na baadhi ya washindi wake wamechapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Soma masharti yao ya mwaka husika kwa makini. Na ukifika Kampala, ulizia vikao vya kusomeana kazi. FEMRITE, chama cha wanawake waandishi kilichoanza miaka ya tisini, kimejenga desturi hiyo ya kukaa na kusikilizana. Kazi nyingi ni za Kiingereza, lakini sikio linalojua kusikiliza hadithi ni lile lile.

Jambo moja la lazima: weka nakala. Mwaka 1957 Chinua Achebe alituma London muswada wa pekee aliokuwa nao wa Things Fall Apart, wa mkono, ukachapwe kwa mashine. Ukakaa miezi bila jibu, mpaka mtu waliyefanya kazi pamoja redioni alipokwenda kuuliza ana kwa ana. Kingeweza kupotea kitabu kile. Piga picha kila ukurasa kwa simu yako, jitumie kwenye barua pepe.

Binti wa Masaka: Na vya Kiingereza vya hapa kwetu unasoma? Au umeamua Kiswahili tu?

Mwenye uzi: Nasoma, na kwa moyo wote. Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, iliyotoka mwaka 2014, naiweka juu kabisa. Ni Kiingereza, lakini chini yake unasikia Luganda ikitembea, kuanzia laana ya karne ya kumi na nane mpaka Kampala ya juzi. Alinionyesha kwamba ukoo mzima unaweza kuwa mhusika.

Na Okot p'Bitek. Watu wanamjua kwa mashairi, lakini kitabu chake cha kwanza kilikuwa riwaya, kwa Kiacholi, Lak Tar, mwaka 1953. Alianza na sikio la nyumbani. Kijana wa Gulu, hiyo ni ya kwenu, itafute kabla hujafanya jambo jingine lolote.

Kijana wa Gulu: Nitaitafuta. Dada, naomba nijitose. Huu ndio mwanzo wa hadithi yangu: "Ilikuwa siku ya Jumatatu yenye jua kali sana ambapo kijana mmoja maskini alikuwa akitembea barabarani akiwaza juu ya maisha yake magumu na jinsi atakavyopata karo ya shule. Mfukoni alikuwa na shilingi elfu mbili na barua kutoka shuleni ambayo alikuwa hajaifungua kwa siku tatu."

Mwenye uzi: Umefanya vizuri kuiweka mbele ya watu, hilo linahitaji moyo.

Nimeisoma kwa sauti mbele ya shangazi. Sentensi ya kwanza, mikono iliendelea. Ya pili, kwenye barua, akainua uso akaniuliza, "Kwa nini hajaifungua?" Hadithi yako inaanzia hapo. Jumatatu, jua, umaskini, maisha magumu, vyote viondoe kwa sasa. Elfu mbili mfukoni imeshasema umaskini wake, na inasema vizuri zaidi.

Halafu nijibu haya kwenye daftari lako, si hapa. Barua alipewa na nani, mkononi au kupitia kwa mtu? Bahasha imekuwaje baada ya siku tatu mfukoni, imelowa jasho, imekunjika pembe? Nani nyumbani anajua ipo? Na ile elfu mbili ilikuwa ya kununua nini? Usinieleze anawaza nini. Mpeleke dukani na elfu mbili yake, aitoe mfukoni, na barua itoke pamoja nayo ianguke mbele ya mtu anayejua kusoma.

Iandike upya kuanzia hapo, kisha iweke kwenye uzi huu huu. Nafunga duka saa moja, nitaisoma usiku.